Albamu Zilizotoka Yamumbi

Nairobi
28 Desemba 2007

Mwalimu Kipyego,

Salamu nyingi kwako na kwa Mzee wako. Mwambie mimi bado ni yule mpotevu wa makelele, na siku atakapochoka na kantri yake ya wazungu wanaolilia farasi, mlango wa roki uko wazi.

Orodha hii hapa. Naituma na basi la jioni pamoja na CD ya namba moja, kama sheria yetu inavyosema. Usijifanye umesahau sheria. Albamu kumi, za mwaka huu tu, za roki na za zile bendi ndogo zinazojirekodia zenyewe. Namba moja ya mwenzako unaisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo, hata ikikukera, na unajibu kabla Januari haijaisha. Tumeishika tangu kidato cha pili na huu ni mwaka wa tisa. Hata majina ya bendi bado natumia yale tuliyozibatiza sisi wenyewe, ingawa siku hizi hakuna naibu wa mwalimu mkuu anayefungua barua zetu akimtafuta shetani ndani.

Namba kumi nimewapa Wauza Theluji, kwa huruma tu. Gitaa zao zina mwangwi kama bafu la bweni, lakini wimbo wa nne umenitoa machozi nikiwa dukani, mbele ya mteja aliyetaka kanda ya kwaya. Namba sita ni Kiwanda Kimefungwa. Utasema niliwaweka juu mno, nami nitasema wewe husikii besi kwa sababu ya redio ya baba yako. Namba nne ni Mbwa wa Jirani, wale vijana watatu waliorekodi kwenye gereji ya nyanya yao. Mpiga drams anapiga kama mtu anayefukuza nyuki. Na namba mbili, keti chini kwanza, ni Mvua ya Mawe, wa hapa hapa Nairobi! Wanne, gitaa mbili, wanaimba Kiswahili, wanauza CD zao wenyewe kutoka kwenye mkoba. Mwaka wa tisa ndipo Mkenya ameingia kwenye orodha yangu, tena si kwa upendeleo. Namba moja ni Bibi Harusi Amechelewa. Sisemi kitu. Sikiliza. Zilizobaki ziko nyuma ya karatasi.

Sasa la maana. Mama amekataa kutoka Yamumbi. Unajua watu wanavyomwangalia siku hizi. Miaka ishirini na sita amekuwa Mama Khisa, mke wa marehemu Mbukusu. Mwezi huu wa uchaguzi ndio wamekumbuka alizaliwa Kiambu, kwenye kabila wasilolitaka. Nilimwomba aende kwa baba mdogo Wabuge kule Kimilili. Anasema ana nguo za watu hajamaliza kushona. Mimi tajiri hanipi ruhusa hadi mwaka mpya upite. Tafadhali mpitie, ndugu yangu. Ukiona hali si nzuri, mtoe hata kwa nguvu. Wewe atakusikiliza, alishaanza kukuita mwanawe kuliko anavyoniita mimi. Na usisahau sanduku letu, liko pale pale chini ya kitanda chake, miaka tisa ya albamu. Nawaachia mikononi mwako, mama na sanduku.

Wako,
Khisa


Soy
9 Januari 2008

Khisa,

Barua hii nimempa dada mmoja wa Msalaba Mwekundu, anaitwa Mideva. Lori lao linakuja Nairobi na askari. Usinipigie simu. Kredi hakuna madukani, na hata ingekuwapo, vijana barabarani wanashika simu za watu na kusoma kila kitu. Ukijibu, mpe Mideva.

Bahasha yako ilinifikia tarehe ishirini na tisa. Sanduku liko salama. Liko kwangu hapa, chini ya meza, na hakuna hata CD moja iliyopasuka. Nilitaka ujue hilo.

Kuhusu orodha, nakubaliana nawe juu ya Mbwa wa Jirani, ingawa mimi ningewapa namba tatu. Kiwanda Kimefungwa wamejirudia, ile ni albamu ya mwaka juzi iliyopakwa rangi. Mimi namba moja yangu ilikuwa iwe Mvua ya Mawe, ukaniwahi. Kumi zangu nilikuwa nimeziandika zote kwenye daftari la maandalio ya masomo, nitakutumia hali ikitulia.

Nyumba ya Yamumbi iliungua. Si yenu peke yake, ni mtaa wote. Mama sikumkuta. Nafikiri aliondoka mapema na wengine. Watu wengi waliondoka. Atakuwa mahali.

Namba moja yako bado sijaisikiliza. Betri hazipatikani.

Pole.

Kipyego


Nairobi
14 Januari 2008

Kipyego,

Sanduku liko salama! Nimesoma mstari huo mpaka karatasi ikalegea. Mimi namtafuta mama yangu, wewe unaniambia Kiwanda Kimefungwa wamejirudia. Una akili timamu?

Mama yuko wapi? Simu yake imezimwa tangu tarehe mosi saa nne asubuhi. Wabuge hajamwona Kimilili. Ndugu zake wa Kiambu hawajamwona. Nimesimama kwenye kila kanisa hapa Nairobi linalopokea watu wa huko, naita jina lake kama mwendawazimu. Silali na sili, na tajiri amenifukuza kazi kwa sababu wateja wakiulizia muziki nawauliza kama wametoka Eldoret.

Nijibu haya. Ulifika Yamumbi siku gani? Ulifika kabla ya moto au baada? Kama ni baada, sanduku la bati chini ya kitanda lilitokaje bila hata CD moja kuyeyuka? Kama ni kabla, mama alikuwa wapi?

Nenda uwanja wa maonyesho wa Eldoret, nasikia maelfu wako kule. Nenda kanisani mjini. Nenda mochari, nakuomba, mimi siwezi kufika, barabara imefungwa Timboroa. Kama umesahau sura yake kwa hofu, kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kina kovu, sindano ya cherehani iliingia ikatokea upande wa pili. Huu ndio mkono uliokupakulia chakula kila likizo baba yako alipokufukuza kwa ajili ya gitaa.

Mtafute. Nakusihi kwa magoti. Hata kama ni habari mbaya, nipe habari.

Khisa


Soy
26 Januari 2008

Khisa ndugu yangu,

Nimefanya ulivyosema.

Uwanja wa maonyesho nilienda na Mideva, peke yangu nisingethubutu. Hema hadi hema. Watu wa Yamumbi waliniona, mmoja akatema mate chini. Mideva alisoma daftari lote la majina, kisha akaita kwa kipaza sauti. Mama hayuko. Kanisani hayuko. Mochari niliingia. Nilionyeshwa akina mama kumi na mmoja, nikaangalia mkono wa kushoto wa kila mmoja. Si yeye. Hilo naweza kuapa.

Umeuliza juu ya sanduku. Nilifika kesho yake baada ya moto, tarehe mbili. Sanduku nililikuta limetupwa kwenye nepia, yale majani ya ng'ombe, nyuma ya nyumba. Nadhani waporaji walilitoa, wakaona ni kanda na CD za watu wasiojulikana, wakaliacha. Ndiyo sababu halikuungua.

Shule haijafunguliwa. Baba anapiga kantri tangu asubuhi, sauti juu, ili asisikie habari. Nilipata betri, nikajaribu kusikiliza Mbwa wa Jirani jana jioni. Kufika wimbo wa pili nikazima, nikatoka nje. Sijui nina nini. Nakumbuka jinsi mama alivyokuwa akituambia tupunguze, kisha wimbo ukiisha anauliza mbona kumenyamaza.

Nitaendelea kumtafuta. Usiache kuniandikia.

Kipyego


Nakuru
8 Februari 2008

Kipyego,

Nimefika mpaka Nakuru. Nalala kwenye hema la watu nisiowajua. Hapa nimemkuta Murunga, yule fundi baiskeli aliyepakana nasi kwa ua wa nyuma. Alikuwa amejificha juu ya mti wa sipresi wa barabarani siku ile, aliona yote yaliyotokea mbele ya nyumba. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

“Huyo mwalimu rafiki yako? Wacha nikuambie, mimi nilimuona na macho yangu. Alikuwa na hao vijana, matope kwa uso, rungu kwa mkono. Aliingia wa kwanza kwa nyumba ya mama yako. Akatoka na sanduku kwa kichwa. Wakamuuliza, ‘Mwalimu, kuna mtu huko?’ Akasema, ‘Hakuna mtu.’ Ndio wakawasha.”

Nilimwambia ni mwongo. Nilimshika shati, watu wakatuachanisha. Kisha usiku kucha nilikaa nikikumbuka barua zako.

Tarehe mbili, uliniambia. Nepia, uliniambia. Uliapa juu ya maiti kumi na moja ili nikuamini juu ya sanduku moja.

Sitaki albamu. Sitaki pole. Sitaki kusikia ulivyozima wimbo wa pili. Niandikie siku ile tangu ulipoamka hadi ulipolala, na usiruke kitu. Mama alikuwa ndani au hakuwa ndani?

Khisa


Soy
19 Februari 2008

Khisa,

Alikuwa ndani.

Nitasema yote. Jioni ya tarehe thelathini na moja, kesho yake baada ya matokeo ya kura, watu wa kwetu walipita nyumba kwa nyumba wakasema kila boma litoe kijana. Boma lisilotoa, nyumba yake itachomwa pamoja na za maadui. Baba ana miaka sabini na moja. Mimi ndiye kijana wa boma letu. Nilikwenda. Sisemi nililazimishwa kwa kushikwa mkono. Nilipewa rungu nikalipokea.

Waligawana njia, wengine waelekee huku, wengine kule. Niliposikia Yamumbi, niliinua mkono nikasema hiyo njia naijua. Wakanipongeza. Utataka kuamini nilifanya hivyo kwa ajili ya mama. Hata mimi nimejiambia hivyo siku nyingi. Lakini umeniambia nisiruke kitu. Mimi niliamini mama ameshaondoka, kila mtu mwenye akili alikuwa ameondoka. Niliinua mkono kwa ajili ya sanduku. Njia nzima nilikuwa nafikiria zile kanda za kidato cha pili, zile tulizorekodi kutoka redioni tukiwa tumeshika pumzi, ambazo haziko popote tena duniani. Watu walikuwa wanapiga mbiu, mimi nafikiria kanda.

Nilikimbia mbele ili niingie wa kwanza. Nililivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Nilipoinuka, mama alikuwa mlangoni mwa chumba, futi ya kupimia shingoni. Alikuwa amejificha nyuma ya pazia la kushonea. Aliona matope usoni, akanijua hata hivyo. Alisema, “Umekuja, mwanangu.” Alidhani nimekuja kumchukua. Alikuwa na mfuko wa nguo tayari mkononi.

Khisa, sikujua la kufanya. Vijana walikuwa wameshafika kwenye lango. Nilimwambia apite mlango wa nyuma aingie jikoni, ajifiche nyuma ya kuni, asitoke hadi kunyamaze. Akaenda mbio. Mimi nikatoka mbele na sanduku kichwani ili waone nimeshapora, hakuna kilichobaki. Kimeli, aliyebeba petroli, akauliza kama kuna mtu. Nikasema hakuna. Nilifikiri wakisikia hivyo watapita. Nyumba yenye mtu ndiyo hufanyiwa mabaya, hivyo ndivyo nilivyofikiri. Kumbe nyumba tupu ndiyo rahisi zaidi. Kimeli alimwaga petroli huku akicheka akisema mwalimu ametupunguzia kazi.

Paa la jiko lenu ni la nyasi. Sikulikumbuka hilo hadi upepo ulipogeuka.

Nilirudi tarehe mbili, hilo lilikuwa kweli. Nilichakura majivu ya jikoni kwa mikono. Sikuona mfupa. Lakini mimi si daktari, sijui moto ule unaacha nini. Tangu siku hiyo natafuta mtu ambaye huenda nimemuua, na naogopa kumpata na naogopa kutompata.

Sikuombi kitu.

Kipyego


Soy
6 Aprili 2008

Khisa,

Hujajibu, na sikulaumu. Nakuandikia ili ujue bado natafuta. Tangu wakubwa wa siasa washikane mikono, njia zimefunguka. Jumamosi na Jumapili zote naenda. Nimefika Burnt Forest, Timboroa, Molo. Timboroa baridi ilikuwa kali, nikasikia mtu anakohoa ndani ya hema kama mama anavyokohoa Julai. Niliingia bila kubisha hodi. Alikuwa bibi mwingine. Alipiga kelele aliposikia lafudhi yangu.

Mideva anasema niache jina langu kila kambi. Naacha lako.

Kipyego


Soy
20 Julai 2008

Khisa,

Kitale hayuko. Turbo hayuko. Nimeacha kufundisha kwaya ya shule. Mvua ya Mawe wametoa albamu ya pili, niliiona mjini, sikuinunua. Niliona haya kuishika mkononi.

Sanduku nimelitoa chini ya meza. Nilitaka kulichoma, nikaona hilo nalo lingekuwa la kujifurahisha. Nimelipeleka kwa Mideva, limeandikwa jina lako. Ukilitaka, lichukue. Ukitaka litupwe, mwambie.

Kama umepata habari yoyote ya mama, hata ya kaburi, nakuomba mstari mmoja tu.

Kipyego


Soy
14 Desemba 2008

Khisa,

Huu ni mwezi wetu wa kuandika orodha. Sina orodha. Mwaka mzima nimesikiliza albamu moja tu hadi mwisho, ile namba moja yako, kwa kuwa ni sheria. Niliisikiliza jana Yamumbi, nikiwa nimeketi pale jiko lilipokuwa. Nyimbo kumi na moja bila kuruka. Nilikuwa na mpango wa kukuambia ninavyoiona. Siwezi. Yule mwanamke anaimba peke yake ndani ya kanisa tupu, na kila akinyamaza nilisikia kitu kingine.

Uliniambia nisiruke kitu, nami niliruka. Nyasi za jiko ziliposhika moto, mama aliniita. Hakuita mtu mwingine, aliita Kipyego. Mara mbili. Niligeuka. Vijana walikuwa wanaimba, nadhani hawakusikia. Mimi nilisikia. Sanduku lilikuwa kichwani, mikono yangu yote miwili imelishika. Nikageuka tena nikafuata wenzangu.

Mwaka mzima nimeita jina lake kwenye kambi, nikijua nani aliyepaswa kuitika kwanza.

Nimechoka, ndugu yangu, kama bado naweza kukuita hivyo. Sili. Nikisimama mbele ya darasa la nne naona wananiangalia mikono. Jumatatu tarehe tano Januari nitakwenda kituo cha polisi mjini, niseme nilimuua Mama Khisa wa Yamumbi. Wanifanye watakavyo. Sitamtaja mwingine yeyote, nitasema ni mimi peke yangu. Baba nimeshamwambia. Alizima redio, ndiyo mara ya kwanza mwaka huu.

Barua hii nampa Murunga, amerudi Eldoret kuangalia ploti yake. Alikataa kunisalimia lakini amekubali kuibeba.

Kipyego


Nairobi
28 Desemba 2008

Kipyego,

Mama yuko hai.

Nimeandika mstari huo nikauacha kwa saa nzima. Yuko hai. Yuko chumba cha pili, anapiga pasi. Na nimelijua hilo tangu tarehe mbili Machi.

Alitoka jikoni kwa nyuma, akavunja ua, akafuata mto hadi barabara kuu. Lori la mahindi lililokuwa linakimbilia Malaba lilimchukua, likamvusha hadi Uganda. Alikaa kambini kule miezi miwili, simu imeungua, namba zangu zote zimo ndani ya simu. Ndiyo maana hatukumpata Kenya. Msalaba Mwekundu ndio waliomleta. Mkono wa kulia umeungua hadi kwenye kiwiko, vidole viwili havikunjiki. Cherehani hawezi tena, lakini kalamu anaishika.

Barua yako ya Februari nilikuwa nayo mfukoni siku nilipomkumbatia. Ningeweza kukuandikia jioni ile ile. Nikasema, acha kwanza. Acha naye ajue ilivyo kuingia hema hadi hema. Barua yako ya Aprili ilipofika niliisoma mara mbili, na nakuambia ukweli, nilifurahi. Ya Julai nilifurahi kidogo. Mideva alikuwa anajua, nilimwapisha asikuambie, na kwa ajili yangu alikuacha uzunguke. Msilaumiane. Hilo ni langu.

Halafu Murunga alileta hii ya juzi. Nikaona tarehe tano Januari. Niliikunja, nikaiweka na nyingine, nikaenda kwenye kazi yangu mpya. Hilo ndilo linalonitisha, Kipyego. Nilikuwa tayari kukuacha uende kusema umemuua mtu ambaye asubuhi hiyo alinipa chai. Nimekulaani mwaka mzima kwa kuondoka ukamwacha motoni, na mimi nilikuwa nafanya vile vile, nimekaa tu, hata rungu sina.

Na sanduku, niliandika mimi. Mama na sanduku, katika sentensi moja, kama vitu vya uzito sawa. Nimeitafuta nakala ya barua ile kichwani usiku mwingi, natamani ningeandika mama tu.

Niliporudi kutoka kazini jioni ya tarehe ishirini na sita nilimkuta mezani, barua zako zote zimepangwa mbele yake kwa tarehe. Alizipata alipokuwa anatafuta soksi zangu azifue. Aliuliza tu, “Hii yote ulikuwa unajua?” Nikasema ndiyo. Nimempigia magoti, hataki. Leo asubuhi ameniambia niandike yangu, kisha nimwachie nafasi chini ya karatasi.

Siwezi kukusamehe. Sijui kama wewe utanisamehe. Orodha sina, kwa mara ya kwanza tangu kidato cha pili.

Khisa


Kipyego,

Mimi ni Mama Khisa, naandika mwenyewe, mwandiko uvumilie kwa sababu ya vidole.

Nimesoma barua zako zote. Umeandika kwamba nilikuita mara mbili. Ni mara tatu. Ya tatu ulikuwa umeshafika barabarani, hukusikia, hiyo sikuhesabii. Hizo mbili nakuhesabia.

Miezi miwili kule kambini nilikuwa naota unarudi. Nilipoamka nilikuchukia. Leo sijui ni ipi kati ya hizo mbili iliyobaki, na sitakudanganya kwamba nimekusamehe kwa barua. Nilikulisha wewe. Nilikushonea sare ya shule baba yako alipokataa. Uliniona na mfuko wangu mkononi.

Lakini hili la kwenda kituoni kusema uliniua, ulikatae. Sikufa. Ukisema uliniua utakuwa umedanganya tena, na uwongo huo nao ni wa kujificha. Unataka ufungwe peke yako ili wengine walale. Kimeli namjua, niliwashonea dada zake nguo za arusi. Hao wengine waliokuwa wanaimba najua sauti zao. Nyumba hazikuungua kwa mkono wa mwalimu mmoja. Bibi wa ploti ya tatu alikuwa hatembei, yeye hakutoka. Nani atamsemea?

Nenda hiyo hiyo Jumatatu. Useme ulichofanya, usiongeze, usipunguze, na useme mlikuwa nani na nani. Najua watakuita msaliti hapo kwenu. Najua baba yako ni mzee. Mimi nimeshakata tiketi ya basi ya Jumapili, Khisa ananisindikiza, atake asitake.

Saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni mwa kituo. Nikikuona, nitakuita mara moja tu.

Mama Khisa